Kiota cha mbayuwayu kimebanduka barazani, makinda wawili wazima. Naomba ushauri

MpangajiBuswelu
Wakuu habari za jioni. Nipo Buswelu, Mwanza, nyumba ya kupanga. Juu ya mlango wa barazani kulikuwa na kiota cha udongo cha mbayuwayu, leo mchana kimebanduka na kuanguka. Kinda mmoja amekufa, wawili wazima. Macho yamefumbuka, mabawani wameanza kutoa vijiti vya manyoya ila tumboni bado wako uchi. Wapo kwenye boksi la viatu, na wazazi wanapitapita barazani wakilia.

Nisaidieni haya: niwalishe nini? Mwenye nyumba anapaka rangi mwisho wa mwezi na anataka viota vyote vikwanguliwe, itakuwaje? Nina kuku wachache wa kienyeji na jirani anasema ndege hawa wanaleta utitiri (vijidudu vya kunyonya damu) na mdondo (kideri cha kuku), ni kweli? Halafu upande wa jikoni kuna shomoro wameingia juu ya dari, wanachakarisha usiku kucha.

JiweLaBismarck
Dada, kama wazazi bado wanazunguka, achana na habari ya kulisha. Warudishe juu sasa hivi. Giza la Mwanza linaingia karibu saa 1 usiku, kwa hiyo muda unao ila si mwingi.

Ile imani kwamba kinda akishikwa na mkono wa mtu mama anamkataa, ipuuze. Mbayuwayu anamjua mwanawe kwa sauti na kwa mahali, si kwa harufu. Na hapo kwenye mahali ndipo watu wanapokosea: wanatengeneza kiota kizuri kabisa, wanakitundika kwenye mwembe uani, wazazi hawakioni kama chao. Kiweke palepale kilipobandukia, au usizidi nusu mita.

Tafuta kifuu cha nazi kilichopasuliwa katikati, mdomo wake uwe na upana wa sentimita 10 hadi 12. Toboa matundu manne chini kwa msumari wa moto, maji na unyevu vitoke. Usikwangue ile ngozi ya ndani ikawa laini, kucha za makinda zinahitaji pa kushika. Nyasi na manyoya yaliyokuwa kwenye kiota kilichoanguka yarudishe humo kama bado makavu. Yakiwa na sisimizi yatupe, weka nyasi kavu nyingine. Usiweke pamba wala nyuzi za taulo, zinasokota miguu ya kinda hadi inakufa ganzi na kukatika.

Kifuu kikae kwenye kipande cha ubao kilichofungwa ukutani, kizungushie waya wa kufungia nondo kwa nje, ncha zake uzikunje zisimchome mzazi. Kati ya mdomo wa kifuu na dari acha sentimita 6 au 7. Nafasi ikiwa kubwa kuliko hiyo, kunguru anaingiza kichwa na hadithi imeisha.

Ukishawaweka, ondoka. Ingia ndani, funga mlango taratibu, chungulia dirishani. Ukisimama hapo na simu unarekodi hawatakuja.

MpangajiBuswelu
Asante mkuu. Kifuu sina, nina kopo la plastiki la siagi la nusu kilo. Na nisipowahi leo?

JiweLaBismarck
Kopo linafaa, ila ndani ni laini mno. Likwaruze kwa msasa au ulipake udongo wa mfinyanzi mwembamba, ukauke kwanza. Likate lifikie kina cha sentimita 5 hivi, maana kopo refu linawaficha makinda na mzazi anashindwa kuwafikia. Matundu ya chini usiyasahau.

Usipowahi, usiwapandishe gizani, wazazi hawataingia usiku. Walale ndani ya boksi lililofunikwa, kitambaa cha pamba kisicho na nyuzi zinazochomoka chini, na pembeni chupa ya maji ya vuguvugu iliyoviringishwa kitambaa. Saa 12 na nusu asubuhi wawe juu.

DaktariWaNdegeNyegezi
Naongezea la kulisha, kwa sababu hapa mtu atakuja kukwambia uwape mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Usithubutu. Ndege hameng'enyi maziwa, na mkate unajaza tumbo bila kujenga kitu. Uji, ugali, wali, vyote hapana. Dagaa wa mnadani wana mchanga, nao hapana.

Maji ya bomba la sindano ndiyo yanayoua haraka kuliko yote. Mlango wa njia ya hewa kwa ndege upo nyuma tu ya shina la ulimi, ukimimina maji mdomoni yanakwenda kwenye mapafu. Kinda wa mla wadudu anapata maji yake kwenye chakula.

Wazazi wakishindwa kurudi ndani ya saa mbili za mchana, hapo ndipo unalisha, na joto linatangulia. Kinda wa baridi hameng'enyi chochote, chakula kinaozea tumboni. Mshike kiganjani; ukimhisi wa baridi kuliko mkono wako, mpashe kwanza. Halafu mchwa hai (wale wale wa kulishia vifaranga), kumbikumbi waliokatwa mabawa, panzi wadogo walioondolewa miguu ya nyuma. Vipande visizidi punje ya mchele. Kama huna kabisa, kiini cha yai la kuchemsha kinaweza kuvusha masaa machache, si zaidi. Kila nusu saa tangu jua linapochomoza hadi linapozama, tonge tatu nne kwa kila kinda. Atapanua mdomo mwenyewe ukigusa ukingo wa boksi. Asiyepanua usimkabe, angalia joto tena.

Wadudu wa chini ya taa iliyopuliziwa dawa ya mbu usiokote.

Kinyesi chake kikitoka kimefungwa kwenye utando mweupe kama kijifuko, mambo yanakwenda vizuri. Kikiwa maji maji, chakula kina kasoro.

FundiBatiIgoma
Kwa nini kilianguka? Angalia ukuta. Bila shaka umepakwa rangi ya mafuta. Udongo hauna pa kushika hapo, unakauka kama ganda, makinda wakishakuwa wazito mlango ukibamizwa mara moja kinabanduka chote. Sababu ya pili ni udongo wenyewe: wakichota pembeni mwa barabara yenye mchanga mwingi, kiota kinakuwa dhaifu hata kwenye tofali wazi.

Kwa hiyo huo ubao wa JiweLaBismarck usiugongelee misumari. Tumia skrubu mbili, toboa kwa drili pembeni kabla hujawapandisha makinda. Kugonga nyundo mita moja kutoka walipo wazazi ni kuwafukuza.

Uchafu wa sakafuni: ubao wa upana wa sentimita 30, uufunge sentimita 60 chini ya kiota. Ukiuweka karibu zaidi paka anapata pa kusimama. Au tandika kiroba sakafuni ukibadilishe, ni rahisi zaidi.

MpangajiBuswelu
Nimefunga kopo, ndani nimelikwaruza kwa msasa. Mzazi mmoja ameingia mara mbili, wa pili anazunguka tu.

JiweLaBismarck
Mmoja akiingia inatosha, wa pili atafuata. Sasa usiwaguse tena. Hasa wakishafunikwa manyoya yote, ukisogeza uso kiotani wanaruka kabla hawajaweza kuruka, na hapo ndipo unaanza kuwaokota kila saa.

Kuhusu mwenye nyumba: mbayuwayu anaatamia karibu wiki mbili na makinda wanakaa kiotani wiki tatu hivi. Hao kwa maelezo yako wapo katikati, wanahitaji siku kumi na kidogo. Wakishatoka watarudi kulala humo kwa siku chache, usishangae. Mwambie baba mwenye nyumba aanze kupaka vyumba vya ndani na upande wa nyuma, baraza iwe ya mwisho. Fundi rangi yeyote anaweza kupanga hivyo bila kuongeza gharama.

Lakini usizembee wakishatoka. Jozi ileile inaweza kutaga tena baada ya muda mfupi. Nafasi yako ni hapo katikati: kiota kitupu, hakuna yai, unaondoa.

Na kwa ajili ya wanaopenda kufuga: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kukamata mnyamapori, na ndege wamo. Kumshikilia kinda usiku mmoja ili umrudishe kwa mama yake ni jambo jingine na kumfungia kwenye tenga.

MamaVifarangaIlemela
Mdogo wangu, jirani yako kwenye utitiri yuko sahihi nusu. Viota vinakuwa nao, ila makinda wakiwepo utitiri hauna haja ya kuondoka, chakula unacho. Shida inaanza ndege wakishahama. Unashuka ukutani kutafuta damu, unaingia kitandani, watu wanajikuna na kusema ni kunguni. Ndiyo maana kiota kitupu hakiachwi "kwa ajili ya mwaka ujao" juu ya mlango wa kulala watu.

Siku ya kukiondoa vaa glavu na barakoa. Kinyunyizie maji ya sabuni kwanza kilowe, kisiporushe vumbi. Kikwangulie moja kwa moja ndani ya mfuko wa nailoni, funga, kachome mbali na banda. Ukuta uoshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha Jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9, iache dakika 10. Usichanganye Jiki na dawa ya choo, moshi wake unachoma kifua. Baada ya hapo ndipo upulizie dawa ya wadudu kwenye nyufa. Kabla ya hapo hapana, kiota chenye makinda hakipuliziwi kitu.

Kinyesi kikavu sakafuni usikifagie kikavu, kimwagie maji kwanza.

Mdondo haupigwi vita kwa kubomoa viota. Ni chanjo ya tone la jicho kila baada ya miezi 3, kuku wote siku moja, wakiwa wazima. Ila kinda wa porini usimweke bandani hata kwa saa moja, na vyombo vya maji vya kuku vifunike juu ili ndege wasioge humo.

FundiBatiIgoma
Narudi kwenye dari. Dada, shomoro halali huku akichakarisha. Jua likizama ametulia hadi alfajiri. Wanaofanya fujo usiku ni popo au panya, na ukiziba bila kujua ni nani umejitafutia harufu ya mzoga juu ya jiko.

Chukua kinyesi kwa kijiti, kibonyeze. Cha popo kinasagika kuwa unga na ndani unaona vipande vinavyong'aa vya mabawa ya wadudu. Cha panya ni kigumu, hakisagiki. Cha ndege kina sehemu nyeupe. Pia simama nje jua likishazama utazame ukingo wa bati, popo utawaona wakichomoka mmoja mmoja.

Ikiwa kuna shomoro vilevile (mchana utasikia makinda wanalia mzazi akiingia), ngoja. Mayai ni siku 11 hadi 14, makinda wiki mbili na kidogo. Kelele za makinda zikikoma, tazama siku moja, ziba siku inayofuata, maana shomoro hapumziki, anatandika upya mara moja.

Wanapita kwenye migongo ya bati, pale inapokutana na fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa). Nunua wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi, ukate mikanda ya sentimita 15, uusukume ufuate umbo la kila mgongo, kisha uupigilie upande wa ndani wa ubao. Kama ni popo, wavu wa robo inchi. Wavu wa plastiki unaliwa na panya na jua linaupasua. Foamu peke yake ndege anaidonoa.

Ukikuta nyasi zimejazwa nyuma ya taa ya nje, zima swichi kuu kabla hujatia mkono. Nyasi kavu zikigusa taa inayochemka zinawaka. Zikiwa kwenye boksi la LUKU waite TANESCO, lile si la kufungua.

GataNaTangi
Swali moja, maji ya mvua yanaingia kwenye tangi kutoka bati hilo? Kama ndiyo, safisha gata kila viota vinapoondolewa, na mvua ikianza vuta bomba lisiingize. Mwaga angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba ya bati. Bati la mita za mraba 60 ni lita 30, na likiwa chafu sana mwaga hata lita 100. Ya kunywa chemsha tu.

KirumbaJuu
Samahani kuteka uzi. Mimi shida yangu ni wale korongo wakubwa wenye mfuko shingoni, wapo kwenye mti juu ya paa. Kinyesi chao kinakula bati. Nikate tawi?

JiweLaBismarck
Hao ni marabu. Kutoka yai hadi kinda kuruka ni miezi minne hadi mitano, na makinda wake wakianguka hakuna wa kuwapandisha. Kama wameshakaa, ngoja wamalize. Tawi ulikate likiwa tupu, na uanze na matawi mapana ya juu ambayo ndiyo wanayojengea. Bati lioshe kwa maji mengi kila wiki kwa sasa. Kama huna uhakika wamefikia wapi, uliza chuo cha wanyamapori pale Pasiansi, wapo karibu nawe.

MpangajiBuswelu
Wote wawili wazazi wanalisha sasa. La mwisho: baada ya rangi nitawazuiaje wasijenge tena juu ya mlango?

FundiBatiIgoma
Ile pembe ya ukuta na dari, bandika kipande cha plastiki laini kwa mshazari, upana wa sentimita 20, urefu wote wa fremu ya mlango. Wakianza kuweka mstari wa udongo, ufute siku hiyohiyo kwa maji. Ukishakuwa kikombe na yai limo umechelewa. Na ule ubao wenye kopo uhamishie mwisho wa baraza, mbali na mlango, ukuta usiopakwa rangi ya mafuta. Wakipata pa kujenga hawatahangaika na mlango wako, na watakula wale vijidudu wanaokuja na upepo wa ziwa.