Tupeane uzoefu: malezi ya kwetu yanavyoingia kazini (Arusha na Moshi)

Wakuu, salaam. Niko kampuni ya utalii hapa Arusha. Mtafiti Mholanzi Geert Hofstede aliwahi kuchambua madodoso ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM yaliyokusanywa 1967–1973. Afrika Mashariki ikapata alama 64 kwenye kukubali ukubwa wa bosi na 27 kwenye ubinafsi, yaani mtu kujitazama mwenyewe kabla ya kundi lake. Marekani 40 na 91. Mimi hiyo 64 naiona kila asubuhi. Meneja wetu kijana anauliza kikaoni, "Magari yako sawa?" Kimya. Dereva mtu mzima anajua springi ya nyuma imechoka, ila hamkosoi bosi mbele za watu. Siku hizi meneja anashuka gereji jioni, anatoa shikamoo, anauliza pembeni. Anaambiwa yote, mpaka boliti iliyolegea. Kwenu ikoje?

Mdau wa Moshi: Mimi niko hotelini. Alifariki baba mkubwa, ndiye aliyenisomesha. Afisa utumishi akanionyesha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: siku 4 zenye malipo ni kwa msiba wa mtoto, mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba mkubwa hayumo. Kwa Mchaga huyo ni baba, nukta. Wenzangu wakanishikia zamu nikapanda Kibosho kuzika. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Mdau wa Njiro: Pole sana mkuu. Kwetu kazi ni Desemba, Wachaga wote wanataka kupanda nyumbani na wageni wa mlima ndio wamejaa. Tumekubaliana: Waislamu wanashika zamu za Krismasi, Wakristo wanashika zamu za Idi.

Mdau wa Monduli: Naomba tusipimane kwa kabila tu. Mimi Mmasai, mhasibu, na bado wageni wa ofisi wananiuliza lindo langu liko wapi. Nililotoka nalo nyumbani ni kutoamua jambo kabla kila mmoja hajasikilizwa, na bajeti yetu naipitisha hivyo hivyo.

Mdau wa Usa River: Mdau wa Moshi, pole. Sisi shamba la maua tulipeleka hoja hiyo kupitia chama cha wafanyakazi, na mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri) sasa unawataja baba mkubwa, baba mdogo na mama mkubwa. Sheria imeweka kiwango cha chini, haijakataza kuongeza. Muulizeni mwakilishi wenu mkataba unapitiwa lini, mpeleke majina ya ndugu mnaotaka waingizwe.