Sakafu ya epoksi imetoa utando mweupe unaoteleza, hadina (kigumishi) ni TETA

zege_na_kokoto:
Wakuu, ni sakafu ya stoo, mita 40 za mraba, Tanga. Resini ni ile ya kawaida ya bisfenoli A, karatasi yake inasema uzito wa epoksi (gramu za resini zenye kundi moja la epoksi la kushikana na hadina) ni 190. Hadina ni TETA, kemikali ya jamii ya amini, imenunuliwa kando kwa lita. Tumechanganya makopo manne ya resini kwa kopo moja la hadina, tukamwaga saa kumi na moja jioni, usiku mvua ikanyesha. Asubuhi uso mweupe, unateleza kama umepakwa mafuta ya mgando. Kona tatu bado zinanata, na leo ni siku ya nne. Nipige msasa nipake mkono wa pili, au kwenye kona niongeze hadina kidogo?

umande:
Msasa weka chini kwanza. Huo utando ni chumvi: amini iliyobaki juu imekutana na unyevu na hewa ukaa, ikawa kabameti. Ukipiga msasa sasa hivi utaziba dakika ya kwanza, na utakuwa unaisugulia ile chumvi ndani ya mikwaruzo. Mkono wa pili utabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Thina nayo inauhamisha tu, haiuyeyushi vizuri.

Dawa yake ni maji. Maji ya uvuguvugu na dodoki la kijani la kusugulia vyombo, eneo dogo dogo, maji yabadilishwe mara kwa mara. Kisha futa kwa kitambaa safi KABLA hayajakauka, la sivyo chumvi inarudi palepale. Jaribu: weka tone la maji yaliyotoneshwa (maji safi ya mvuke uliopozwa) juu ya sakafu, subiri dakika chache, gusa kwa karatasi ya pH. Ikisoma 9 au zaidi, osha tena. Ikishuka, pakauke, ndipo msasa namba 80 hadi 120.

mizani_kwanza:
Mvua inasingiziwa nusu ya kosa, mkuu. Nne kwa moja umeitoa wapi? Uzito wa haidrojeni hai wa TETA (gramu zenye haidrojeni moja ya kushikana na epoksi) ni kama 24.4. Zidisha kwa 100, gawa kwa 190: gramu 12.8, yaani 13 kwa kila gramu 100 za resini. Resini ina uzito wa gramu 1.16 kwa mililita, TETA kama 0.98, kwa hiyo kwa kopo ilitakiwa iwe sita na nusu kwa moja. Wewe umeweka karibu gramu 21. Amini yote iliyozidi haina epoksi ya kushikana nayo, imepanda juu kulisha huo utando.

Usiongeze hadina kwenye kona! Hapo kuna mawili: ama imezidi zaidi, ama ni resini ya pembeni mwa ndoo ambayo haikuchanganyika. Kwangua mpaka saruji. Safari nyingine changanya, kwangua kuta na kitako, mimina kwenye ndoo ya pili, changanya tena.

zege_na_kokoto:
Makopo manne ilikuwa mazoea ya seti nyingine. Na hadina ibadilishwe au tatizo ni vipimo tu?

umande:
Kwa pwani ningebadilisha. TETA ina amini nyingi huru, tena ikichanganywa na resini inapata joto haraka. Kilo tano za mchanganyiko zikikaa kwenye ndoo zitatoa moshi. Tafuta adakti ya amini ya mzunguko (IPDA), iliyokwisha kuunganishwa na resini kidogo kiwandani. IPDA tupu ni kama gramu 22 kwa 100, ila adakti fuata namba ya karatasi yake.

Muda nao: hewa ya nyuzi 28 na unyevu asilimia 85 hutoa umande kwenye kitu chenye nyuzi 25. Sakafu iwe juu ya hapo kwa nyuzi 3 angalau. Anza saa nne asubuhi. Ubaya wake, saruji ikipata joto hupumua na kuacha vitundu, kwa hiyo tangulia na praima nyembamba ya kuziba.

gilavu:
Na jenereta ikae nje, mbali na mlango. Moshi wake ni hewa ukaa na mvuke, chakula kamili cha utando. Amini ikikugusa ngozi, osha kwa sabuni na maji, siyo thina. Thina inaipitisha ndani.