Chupa ya pili hainukii kama ya kwanza, wateja wanalalamika

Mchanganyaji_Mtwara: Wakuu, natengeneza marashi ya mafuta. Wateja wanasema chupa ya pili ni tofauti na ya kwanza, wengine eti harufu haikai. Nifanyeje wasinikimbie?

Fundi_Harufu: Bila shaka unapima kwa matone. Tone la udi mzito halilingani na tone la limau. Nunua mzani unaosoma gramu 0.01, kisha kila mteja awe na ukurasa wake daftarini: mafuta gani, gramu ngapi, tarehe. Akirudi baada ya miezi 6 anapata ileile. Hilo linamshika kuliko punguzo lolote.

Bi_Asumini_Lindi: Mwanangu, usimuuzie papo hapo. Mpake mkononi, azunguke sokoni nusu saa, ndipo aamue. Limau na ndimu huruka upesi. Wa "haikai" muulize kwanza chupa anaiweka wapi. Ikikaa dirishani kwa jua letu hili, inaharibika. Ngozi kavu nayo hunywa marashi, atangulize mafuta yasiyo na harufu. Tena pua yake huzoea, amuulize jirani.

Fundi_Harufu: Kweli, Bi. Na ukituma kwa basi usijaze hadi shingoni, mafuta hutanuka kwa joto na kuvuja. Ikivuja, mpe nyingine bila mabishano.