Wenye maradhi ya tumbo ya kudumu tukutane hapa: siku gani ilikuvunja moyo? Tupeane uzoefu

Kisiki
Wakuu, jana nimekaa kwenye kikao saa mbili na nusu nikihesabu hatua kutoka kiti changu mpaka mlangoni. Kumi na nne. Bosi akaniuliza maoni, nikajibu "naungana na mwenzangu", na wala sikujua mwenzangu kasema nini. Mwaka wa sita huu na kolaitisi. Utumbo mpana ndio unaovimba na kutoa damu, siyo vidonda vya tumbo, kwa hiyo msianze kunitajia asali. Kinachoniuma kuliko tumbo lenyewe ni hili la "mbona unaonekana mzima?" Mwenye yake aseme.

JichoLaPaka
Kumi na nne unalalamika? Mimi niliomba kuhamishwa meza, nikasingizia mwanga wa dirishani.

Asali_Mbichi
Jaribu asali mkuu.

Kisiki
😑

Mama Wawili
Umenikumbusha mbali. Yangu ni vidonda. Mgongo ulikuwa unanisumbua, nikawa nameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kama karanga, mara nyingine sijatia kitu tumboni tangu jana yake. Hakuna aliyenionya, na mimi sikuuliza. Basi, wiki nzima napata choo cheusi kama lami, kinanata, na harufu yake si ya kawaida. Nikajipa moyo kwamba ni vidonge vya kuongeza damu, maana navyo hufanya choo kiwe cheusi.

Ikafika harusi ya mdogo wangu. Tumepangwa kupiga picha, masikio yakaanza kuvuma, jasho la baridi likanitoka mpaka viganjani. Nikatafuta pa kushika. Nilichokipata ni gauni la bibi harusi, nikaenda nalo chini. Kwenye gari nikatapika kitu kama machicha ya kahawa. Niliongezewa chupa tatu za damu, wakashusha kamera, wakakuta kidonda kinavuja na kukiziba hapohapo. Nimelala pale nawaza kitu kimoja tu, kwamba nimemharibia siku yake. Yeye hajawahi kunilaumu. Ila ile picha hakuitundika.

Bundi
Pole sana dada. Wengine mzingatie: choo kikiwa kama lami usisubiri kupambazuke.

Kijiti
Gauni lilichanika?

JichoLaPaka
Kijiti una roho gani wewe.

Mzee wa Kona
Vidonda ni mawazo tu. Acheni mawazo, kunyweni maziwa, mtapona.

Bundi
Mzee, maziwa yanakutuliza kidogo halafu tindikali inarudi na wenzake. Na hayo ya mawazo yalishapitwa. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria wa H. pylori makusudi ili awathibitishie waliombishia kwamba hao ndio wanaoleta vidonda. Siku chache tu akaanza kutapika. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobeli.

Mzee wa Kona
Kwa hiyo ushauri wako tunywe bakteria?

Fundi Saa
Bundi usipunguze habari, Marshall hakupata kidonda, ukuta wa tumbo ndio ulivimba. Na mawazo hayaleti hao bakteria, lakini muulize mgonjwa yeyote usiku wa kabla ya usaili tumbo linamfanyaje.

Mimi walinikuta nao. Dozi ya siku 14, antibayotiki za aina mbili na omeprazoli ya kupunguza tindikali. Siku ya sita mdomo una ladha ya sarafu kuukuu, nikaacha. Nikarudi kulekule. Mara ya pili nikamaliza, nikaenda kupima kwa kupuliza pumzi, kipimo kikasema sina kitu. Nikafurahi bure! Nilikuwa bado nameza omeprazoli, kumbe inatakiwa uiache wiki mbili kabla, la sivyo bakteria wanajificha.

Kijiti
Naulizia gauni.

Chozi la Mamba
Mimi vipimo vyote safi, damu safi, kamera safi. Daktari akasema utumbo wangu una hasira tu. Nyumbani wakasikia "hana ugonjwa". Sasa nikikataa mwaliko naambiwa naringa. Nimeacha kualikwa. Usiku tumbo likinikata nawasha bomba la bafuni ili mume wangu asisikie nikilia.

Kisiki
Hilo la bomba nalijua. Mke wangu alinibamba mwezi wa tatu. Hakusema kitu, alikaa nje ya mlango mpaka nikatoka.

Chozi la Mamba
Wangu nadhani anajua. Siku hizi akisikia bomba anaongeza sauti ya redio.

Asali_Mbichi
Ukichanganya na tangawizi je?

JichoLaPaka
Mtoeni huyu.

Mama Wawili
Lilichanika kwapani. Wakalibana kwa pini nne, akacheza mpaka alfajiri. Umeridhika?

Kijiti
Nimeridhika dada. Pole sana.

Mzee wa Kona
Hivi hayo maziwa mlijaribu ya moto au ya baridi?