Sebule inayotazama magharibi: nyeupe ya silki inatuumiza macho

Mkazi wa Mbezi
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Nyumba yangu ipo Mbezi, Dar es Salaam, na sebule ina madirisha mawili makubwa upande wa magharibi. Mwaka juzi fundi alinishawishi nipake nyeupe ya silki, yaani rangi yenye mng'ao laini, kwa hoja kwamba weupe hupunguza joto na silki husafishika kwa urahisi. Matokeo yake ni kwamba ikifika saa kumi alasiri hakuna anayeweza kuutazama ukuta wa mashariki, na makovu ya lipu ambayo sikuwahi kuyaona yamejitokeza yote. Ukuta mmoja niliupaka waridi iliyokoza. Juzi nilipoondoa kalenda nikakuta mstatili wa rangi ile ya awali, huku sehemu nyingine yote ikiwa imechujuka. Je, nibadilishe rangi, au kosa lipo kwenye aina ya rangi yenyewe?

Fundi Rangi, Tanga
Pole sana, ndugu. Kwa maoni yangu anza na mng'ao, rangi baadaye. Ukuta unaong'aa huurudisha mwanga upande mmoja mithili ya kioo, ilhali ukuta wa mati, yaani rangi isiyong'aa, huutawanya pande zote, kwa hiyo jua lile lile halichomi jicho. Kuta zako za kaskazini na kusini nazo hupitiwa na jua ubavuni, na hapo kila wimbi la lipu na kila alama ya mwiko hutupa kivuli chake. Kabla ya kupaka, zima taa usiku, egemeza tochi ukutani imulike sambamba na ukuta, kisha weka alama ya penseli kila penye kivuli. Hapo ndipo pa kupiga puti na msasa. Silki ya zamani nayo ikwaruzwe yote, la sivyo rangi mpya haitashika vizuri. Ukuta wa mashariki upakwe asubuhi, kwa sababu rangi ikikauka kabla rola haijarudi, maungio yataonekana kama ramani.

Mama Wawili
Ninakubaliana na fundi kuhusu mng'ao, lakini naona amewasahau watoto. Mati ya bei ya chini ukiifuta kwa kitambaa chenye maji huacha baka, na wakati mwingine rangi hutoka na kitambaa. Mimi, hapa Mombasa, nilipaka yenye mng'ao kidogo kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, na juu yake mati. Macho hayaumii, na alama za vidole nazifuta. Isitoshe, nyumba ya bibi yangu Mji wa Kale ilipakwa chokaa, nyeupe pee, na hatukuwahi kulalamikia mwanga. Chokaa haina mng'ao hata chembe, na madirisha yalikuwa na vibao vya mbao vilivyolikata jua kabla halijaingia.

Mchanganya Rangi
Ninafanya kazi ya kuchanganya rangi dukani, kwa hiyo nijibu kuhusu kalenda. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu tu ya mionzi inayochujua rangi. Waridi, zambarau na njano kali mara nyingi hutokana na viini ambavyo mionzi hiyo huvivunja upesi, ilhali rangi za udongo, kama kahawia na ile nyekundu ya matofali, hutokana na kutu ya chuma na hustahimili jua miaka mingi. Ukitaka ukuta wa rangi, chagua humo.

Kuhusu joto, weupe wa ndani husaidia kidogo sana, kwa sababu jua likishapita kwenye kioo joto limeshaingia. Dawa yake ni kivuli cha nje, iwe kibaraza, mti au pazia la makuti. Angalia pia kwamba jua la magharibi ni la dhahabu: krimu iliyokuvutia kwenye kadi ya dukani itageuka machungwa jioni. Jaribu kijani cha kijivu kilichofifia. Usiamue kwa kadi. Paka vipande vya plaiwudi mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, uvitazame kwa saa tofauti.

Mkazi wa Mbezi
Nawashukuru nyote. Nilipaka vipande vitatu, nikavisimamisha kwenye ukuta wa mashariki na kuvitazama saa tatu asubuhi, saa nane na saa kumi na moja. Krimu kweli iliiva kama papai, na nyeupe ya mati ilivumilika, ingawa si sana. Kijani cha kijivu, ambacho asubuhi kilionekana kimepooza hata mke wangu akakidharau, jioni kilitulia, na ndicho alichokichagua mwenyewe. Ushauri wa Mama Wawili nimeuchukua kwa ukuta wa kwenye mlango pekee, maana ndiko mikono inakopita. Tochi ilinionyesha makovu 31 kwenye ukuta wa kusini, kwa hiyo puti inaanza kesho.