Sanduku la Leisnig na haki kwa imani

Swali: Wapendwa, ikiwa tunahesabiwa haki kwa imani tu, yaani Mungu anatukubali kwa imani na si kwa matendo yetu, usharika unatenga fungu la maskini kwa sababu gani?

Jibu: Ndugu yangu, Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, alifundisha mwaka 1520 kwamba Mkristo, kwa kuwa hanunui wokovu kwa matendo, yuko huru kumtumikia jirani yake bure.

Jibu: Naongeza mfano ninaoupenda mno. Mwaka 1523 waumini wa mji wa Leisnig, Saksonia, Ujerumani, waliweka kanisani sanduku la kusaidia yatima, wazee na mafundi waliokwama, likiwa na kufuli nne tofauti, na funguo zake zikagawanywa kati ya makabaila, baraza la mji, wenyeji na wakulima, asiweze mtu kulifungua peke yake.

Muulizaji: Asante. Kwetu ufunguo anao mhazini peke yake. Nitalipeleka jambo hili kwenye baraza la wazee.