Kisima kimeandikwa asilimia 100, maji hakuna: nani anatathmini fedha za maendeleo Mombasa?

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote, wa kisiwani na wa ng'ambo zote. Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha, ila nitajitahidi kuipanga ili isije ikasomwa kama porojo za mtu aliyenyimwa zabuni. Lalamiko langu ni moja: programu za maendeleo zinazogharamiwa na kodi zetu hapa Mombasa, na Pwani kwa jumla, hufuatiliwa mpaka pale mwanakandarasi anapolipwa, na baada ya hapo hakuna anayerudi kuuliza kama kilichojengwa kinamfaa yeyote.

Katika wadi yetu, upande wa Kisauni, kuna kisima kilichochimbwa kwa fedha za umma. Kina tangi kubwa la plastiki juu ya mnara wa chuma, kibanda cha kuuzia maji chenye mifereji minne, na bango lenye jina la mradi na la mwanakandarasi, isipokuwa pale palipopaswa kuandikwa gharama pamepakwa rangi nyeupe. Maji yaliyotoka siku ya kujaribu pampu yalikuwa na chumvi nyingi hata ya kufulia hayakufaa, maana sabuni ilikataa kutoa povu. Baadaye umeme ulizimika kwa sababu hakuna aliyepangiwa kununua tokeni, na sasa kibanda kile kinawafaa vijana wa bodaboda wanaokimbia jua la saa sita. Sisi tunaendelea kununua maji kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni, vilevile kama tulivyokuwa tukinunua kabla ya mradi.

Sasa tazameni taarifa ya utekelezaji iliyojazwa na idara yenye mradi. Kisima hicho kimo katika jedwali, mstari wake umepakwa kijani, na safu ya hatua iliyofikiwa inaonyesha asilimia 100. Kiashiria, yaani kipimo cha mafanikio, kilichotumika ni idadi ya visima vilivyochimbwa. Lengo kimoja, kilichofikiwa kimoja. Hakuna uwongo wowote katika mstari huo, na hilo ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu taarifa inaweza kuwa ya kweli tupu na bado isimwambie mwananchi hata jambo moja analotaka kulijua. Ni kaya ngapi zinazochota hapo kwa siku? Mtungi unauzwa kwa bei gani ukilinganishwa na wa mkokoteni? Kina mama wamepunguziwa mwendo? Nani analipia umeme, na pampu ikiharibika fundi ataitwa na nani? Maswali hayo hayana safu katika jedwali lao.

Waliosomea fani hii wanajua kwamba mradi una ngazi zake: kuna fedha na vifaa vilivyoingia, kuna kazi iliyofanywa, kuna kitu kilichojengwa, kuna mabadiliko katika maisha ya waliolengwa, na kuna athari ya muda mrefu kwa eneo zima. Ufuatiliaji ni kuangalia hatua kwa hatua kama kazi inakwenda ilivyopangwa. Tathmini ni kazi nyingine kabisa, ya kukaa kando baada ya muda na kuuliza kama mradi ulistahili tangu mwanzo, ulileta nini, kwa gharama gani, na kama utadumu. Vigezo vinavyotumika sana duniani, vile vya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, vimekuwa sita tangu 2019: kufaa kwa mradi kwa mahitaji yaliyopo, kuoana kwake na hatua nyingine, kufikia malengo, kutumia rasilimali bila kuzipoteza, athari, na uendelevu. Kisima chetu kingeanguka karibu katika vyote sita, lakini kimefaulu kwa kuwa hakikutahiniwa.

Na kosa lilianza kabla ya mashine ya kuchimbia kuletwa. Kila aliyekulia Pwani anajua kwamba kisima kilicho karibu na bahari kina hatari yake: ukivuta maji kupita kiasi, maji ya bahari husogea chini kwa chini na kuyaharibu yale matamu. Tena katika mitaa iliyosongamana kama yetu, ambako vyoo vya shimo viko hatua chache kutoka visimani, kuna hofu ya uchafu na vimelea juu ya chumvi hiyo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yenye zaidi ya takriban miligramu 1,000 za madini na chumvi zilizoyeyuka kwa lita huanza kuwa magumu kunyweka. Kipimo hicho si cha gharama kubwa. Kingefanywa katika visima vya jirani ambavyo tayari vipo, kikaandikwa, kikawekwa pamoja na bei ya mtungi ya wakati ule na idadi ya kaya zisizo na mfereji, leo tungekuwa na takwimu za mwanzo za kulinganishia. Bila takwimu za mwanzo hakuna tathmini, kuna kubahatisha tu, na mimi nimefikia kuamini kwamba kwa baadhi ya wakubwa kubahatisha huko kunawafaa sana.

Asije mtu hapa akaniambia sheria haipo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 108, inataka mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano uwe na malengo yaliyo wazi, utekelezaji wenye matokeo yaliyo wazi, utaratibu wa ufuatiliaji na tathmini, na njia za kutoa taarifa. Mfumo wa kitaifa wa ufuatiliaji na tathmini ulianzishwa 2004, kabla ya kaunti kuzaliwa, na kaunti nazo zikaandaliwa mwongozo wao 2016, unaozitaka ziwe na kamati za kazi hiyo kuanzia juu hadi mashinani. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 229, haimtumi Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kukagua risiti peke yake. Inataka taarifa yake ithibitishe kama fedha za umma zimetumika kihalali na kwa namna yenye tija, itolewe ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa, kisha bunge husika, likiwemo la kaunti, liijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu tangu kuipokea.

Taarifa za Mdhibiti wa Bajeti nazo ninazisoma na ninaziheshimu, lakini kazi yake ni kueleza bajeti imetekelezwa kwa kiasi gani, na hapo ndipo wanasiasa wetu walipopata mwanya. Kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti katika kipindi cha muda wa kati itengewe maendeleo, basi atakayeonyesha kwamba ametumia fungu kubwa la maendeleo hujitangaza kuwa ndiye mchapakazi, na redio zikamsifu wiki nzima. Kutumia fedha kumegeuzwa kuwa ndiyo maendeleo yenyewe. Kwa hesabu hiyo, kisima kilichogharimu mara mbili ya bei yake halali kinampandisha kiongozi daraja mara mbili.

Niwaeleze pia jinsi sahihi ya wananchi inavyopatikana, maana nilikuwepo. Kamati ya usimamizi wa mradi katika mtaa wetu ilikuwa na mama mmoja muuza mahamri, mtu mzima anayeheshimika, aliyechaguliwa kwa kuwa hajulikani kwa fitina. Afisa alikuja na faili kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, akamwekea karatasi juu ya meza ya mahamri, akamwambia, "Mama, shikamoo, tia sahihi hapa tu, ni utaratibu." Yule mama akamuuliza, "Marahaba, baba. Na maji je, yako wapi?" Akajibiwa, "Maji yatakuja, mama, inshallah. Karatasi hii ni ya ujenzi." Akatia sahihi, naye simlaumu hata kidogo, kwa sababu hakupewa mchoro, hakupewa makadirio ya gharama, hakuelezwa kwamba ana haki ya kukataa, na karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Baadaye sahihi ile ile ikaingia katika taarifa kama ushahidi kwamba jamii imeridhika.

Swali la nani anapima ni zito zaidi kuliko swali la anapima nini. Idara iliyoomba fedha ndiyo iliyoandika viashiria, ndiyo iliyomsimamia mwanakandarasi, na ndiyo inayojaza jedwali la mafanikio. Mwanafunzi gani angepata sifuri akiachiwa ajitungie mtihani na ausahihishe mwenyewe? Wanaosema haiwezekani kufanya vinginevyo watazame Umoja wa Ulaya, ambako fedha za maendeleo ya mikoa ni nyingi mno na ulaji pia haujakosekana. Kanuni zao za 2021 zinataka tathmini ifanywe na wataalamu wasiotegemea wanaoendesha programu, ichapishwe mtandaoni, na kila programu ya 2021 hadi 2027 ifanyiwe tathmini ya athari ifikapo tarehe 30 Juni 2029, yaani baada ya mabango kukauka rangi na wageni wa heshima kurudi makwao. Sisemi tuige kila kitu cha Wazungu. Nasema hapo wamekubali kwamba mwenye mradi hawezi kuwa shahidi wake mwenyewe.

Na jambo hili halihusu kisima kimoja wala Mombasa peke yake. Kifungu cha 204 cha Katiba kilianzisha Hazina ya Usawazishaji, asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya kupeleka maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, ili huduma hizo zifikie kiwango cha sehemu nyingine za nchi. Katika orodha ya kwanza ya kaunti 14, tano zilikuwa majirani zetu wa Pwani: Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta. Hazina hiyo imewekewa ukomo wa miaka 20. Siku ya kuifunga ikifika, itabidi mtu athibitishe kwamba pengo limepungua, na pengo halipimwi kwa kuhesabu majengo. Zahanati isiyo na muuguzi ni jengo, na hata ukizijenga mia, mama mjamzito atapanda gari kuja Mombasa kujifungua.

Nilikwenda katika ofisi husika kuomba taarifa ya tathmini ya mradi wetu. Nilielekezwa dirisha hili, kisha lile, nikaambiwa faili liko kwa mkubwa na mkubwa yuko semina. Kijana mmoja wa mapokezi, kwa nia njema, alinipa kijitabu cha rangi chenye picha ya uzinduzi, utepe unakatwa, sote tumesimama nyuma tukipiga makofi. Hiyo ndiyo tathmini niliyorudi nayo nyumbani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi la maandishi, kwa hiyo ombi la maandishi limepelekwa na nakala yangu imegongwa muhuri. Wakikaa kimya, hatua inayofuata ni Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko ya walionyimwa habari, na nitawaeleza hapa hapa imekwendaje.

Ninachodai hakihitaji sheria mpya. Kila mradi wa wadi uandikiwe hali ya mwanzo kabla ya zabuni kutangazwa. Malipo ya mwisho ya mradi wa maji yazuiwe mpaka maji yapimwe na yatoke kwa miezi kadhaa mfululizo, na ijulikane nani analipia umeme. Taarifa za kila robo mwaka zibandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya wadi, zikiwa na gharama isiyopakwa rangi. Na tathmini ifanywe na mtu wa nje, chuo kikuu kwa mfano, tena baada ya mwaka au miwili, si wiki ya uzinduzi. Mpango wa sasa wa kaunti ni wa 2023 hadi 2027, tumeshavuka nusu yake, na muda si mrefu tutaitwa ukumbini kutoa maoni kuhusu mpango unaofuata, tukikabidhiwa kitabu kinene asubuhi ya mkutano pamoja na soda na sambusa. Mimi sitatoa maoni kuhusu visima vipya kabla sijaonyeshwa vya zamani vilifanya nini.

Walio katika wadi nyingine, za Likoni, Changamwe, Jomvu, Nyali na Mvita, wekeni hapa chini mradi mmoja tu mnaoujua: ulijengwa lini, taarifa inasema nini, na leo hii unafanya kazi au haufanyi. Picha ya bango ikiwemo itasaidia. Na kama yupo mwenye nakala ya mapitio ya nusu kipindi ya mpango huu wa kaunti, namwomba aiweke yote pamoja na viambatisho vyake, maana majedwali ya viashiria huwa yamefichwa huko nyuma.